Kisanduku Chenye Ukurasa Wake

   Chukua kalamu na daftari, maana leo kuna namba za kuandika.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya kisanduku kidogo ambacho siku hizi kimeingia katika ofisi za vijiji, katika shule, katika zahanati, na hata katika maduka yaliyo karibu na daraja letu la mto Kagera. Wengine hukiita ruta, wengine modemu. Kimewekwa juu ya kabati, kina taa tatu au nne, na ndani yake kuna laini ya simu. Watu hukiheshimu kama kitu cha mgeni: hakiguswi, hakisemeshwi, na kikigoma huzimwa na kuwashwa tena, basi. Nami nataka kuwaambia ya kwamba kisanduku hiki ni kompyuta, ndogo lakini kamili, na kwamba ndani yake kuna ukurasa uliowekwa makusudi ili mwenye nyumba aweze kuzungumza nacho.

Huenda mzee mmoja huko Kaisho anasema sasa hivi, "Mwalimu, mambo hayo ni ya mafundi wa mjini." Shikamoo, mzee, lakini nakukumbusha mwaka 2024. Ulipokwenda kununua umeme wa LUKU mwaka ule, safari moja ulipewa mafungu matatu ya namba badala ya fungu moja, kila fungu tarakimu 20. Uliambiwa uingize la kwanza, kisha la pili, na la tatu ndilo lililokuwa na umeme wenyewe. Tena tuliambiwa kwamba mwisho wa kazi hiyo ni tarehe 24 Novemba 2024. Je, ulijua ulichokuwa ukifanya? Ulikuwa ukibadili mipangilio ya mashine kwa mkono wako mwenyewe.

Sababu yake ni ya kupendeza. Mita za namna ile, hapa kwetu na katika nchi nyingi nyingine, hutumia kanuni moja ya kuhesabu wakati. Kila tokeni hupewa namba ya dakika, na dakika hizo zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993. Mahali palipotengwa pa kuandikia namba hiyo pana nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Pigeni hesabu wenyewe: gawanyeni kwa dakika 1,440 za siku moja, mtapata siku 11,650 na kitu. Hesabuni siku hizo toka Januari 1993 na mtafika tarehe 24 Novemba 2024. Daftari lilikuwa limejaa! Yale mafungu mawili ya kwanza yaliipa mita ufunguo mpya, ikafungua daftari jipya. Asiyefanya hivyo kwa wakati, mita yake isingekubali tokeni mpya.

Basi ikiwa mama wa Murongo aliweza kuisahihisha mita yake kwa kubonyeza tarakimu 60 bila kukosea, hapana shaka ataweza kukitengeneza kisanduku cha intaneti.

Haya, tuanze. Ukigeuza kisanduku chako chini juu, utaona karatasi iliyobandikwa. Juu yake pameandikwa jina la mtengenezaji, aina ya kisanduku, namba yake, jina la mtandao wake wa hewani, neno la siri, na anwani. Anwani hiyo ni namba nne zilizotengwa kwa nukta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1. Unganisha simu janja au kompyuta na kisanduku, fungua kivinjari, yaani ile programu unayosomea habari za intaneti, na mahali pa kuandikia anwani uandike namba zile kama zilivyo. Utaona ukurasa. Angalia neno hili vizuri: ukurasa huo hautoki Dar es Salaam wala Marekani. Unatoka ndani ya kisanduku chenyewe. Hata kama huna senti moja ya bando, hata kama mnara umezimika, ukurasa utafunguka, kwa kuwa umeandikwa katika kumbukumbu ya kisanduku kile kile kilichoko juu ya kabati lako.

Kwa nini namba huanza na 192.168? Anwani za intaneti za mtindo huu ni namba nne, na kila moja inaweza kuwa kutoka 0 hadi 255. Ukizidisha zote utapata anwani bilioni 4.3 hivi, nazo hazikutosha dunia. Basi wakuu wa mambo hayo walitenga mafungu machache ya anwani yawe ya matumizi ya ndani ya nyumba tu, nalo fungu la 192.168 ni mojawapo. Hii ndiyo maana kisanduku cha Murongo na kisanduku cha London vinaweza kuwa na namba moja visigombane. Ni kama jina Nyumba Namba Moja. Kila kitongoji kinayo.

Fikiri basi kwamba ofisi yako ni kitongoji. Namba tatu za kwanza, 192.168.1, ni jina la kitongoji. Namba ya mwisho ni ya nyumba. Katika ukurasa utakuta pia namba 255.255.255.0, hiyo inakieleza kifaa ni sehemu gani ya anwani iliyo jina la kitongoji na ni ipi iliyo namba ya nyumba. Usiibadili bila sababu. Kisanduku chenyewe ndicho mlango wa kutokea, kama daraja letu: kila kinachotaka kwenda ng'ambo hupita kwake. Tena kuna kitu kiitwacho DNS, ambacho ni daftari la majina. Wewe huandika jina la tovuti, nacho hutafuta namba yake. Na kuna DHCP, ambayo ni kama mwenyekiti wa kitongoji anayegawa viwanja: kila simu inayoingia huambiwa, "Wewe chukua namba 105, nawe 106."

Ugawaji huo ni mzuri kwa simu, kwa sababu simu huja na kuondoka. Lakini si mzuri kwa vifaa vinavyokaa. Nitoe mfano. Kituo kimoja cha elimu ya watu wazima ninachokitembelea, kisicho mbali na mto, sasa kina inverta ya umeme wa jua. Ndani ya inverta ile mna kadi ndogo ambayo nayo ina ukurasa wake, unaoonyesha betri imejaa kiasi gani. Mlinzi alikuwa akiufungua kila jioni kwa simu yake, akiandika 192.168.1.103. Siku moja umeme ulizimwa na kuwashwa, vifaa vyote vikagawiwa namba upya, naye alipoandika 103 hakupata kitu. Namba 103 ilikuwa imekwenda kwa simu ya mpishi! Mlinzi alidhani inverta imeharibika, akapiga simu kwangu usiku.

Dawa yake ni kukipa kifaa kinachokaa namba ya kudumu. Kwanza fungua ukurasa wa kisanduku cha intaneti utazame mgawaji anagawa kutoka namba gani hadi gani. Tuseme kutoka 100 hadi 200. Chagua namba iliyo nje ya hizo, tuseme 20, na uhakikishe hakuna kifaa kingine chenye namba hiyo. Halafu fungua ukurasa wa kadi ya inverta, uiambie iache kuomba namba, na uandike: anwani 192.168.1.20, kitongoji 255.255.255.0, mlango 192.168.1.1, daftari la majina, hapo pia 192.168.1.1. Hifadhi. Ukurasa utapotea mbele ya macho yako, nawe utashtuka. Usishtuke. Kadi imehamia nyumba mpya, wewe ungali unabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Andika 192.168.1.20 na utaikuta. Namba hiyo iandike kwa wino juu ya kipande cha plasta na uibandike kwenye inverta. Nimeona ofisi nyingi zenye kumbukumbu za mikutano ya miaka kumi ambazo hazina mahali palipoandikwa namba moja ya kifaa.

Nafika sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi wa mpakani kuliko watu wa Dodoma au Morogoro.

Mawimbi ya simu hayasimami forodhani. Mnara ulioko Kikagati, upande wa Uganda, hurusha mawimbi yake kuvuka mto bila pasi. Kila mnara hutangaza namba ya nchi yake: Tanzania ni 640, Uganda ni 641, Rwanda ni 635. Na laini yako ya simu ina namba yake ya ndani, ambayo si ile unayopigiwa, nayo huanza na 640 ikiwa ni laini ya Tanzania. Kisanduku kikiwashwa hutafuta kwanza mnara wa kwao. Kikiupata hutulia. Lakini mnara wa kwao ukizimika, au ukuta wa matofali ukiudhoofisha, au kisanduku kikiwa kimewekwa kwenye dirisha linalotazama mtoni, basi kitashika mnara wa ng'ambo, na kurudi nyumbani hakirudi haraka. Hali hiyo huitwa romingi, yaani kutumia mtandao ukiwa ugenini, ijapokuwa wewe mwenyewe umekaa kitini kwako Murongo unakunywa uji.

Kwa kawaida bando la nyumbani halifanyi kazi ugenini. Ama intaneti inakataa kabisa, ama salio la fedha linakatwa kwa bei ya ugenini. Katika kituo kile nilichokitaja tuliwahi kuweka salio la kutosha mwezi mzima. Jioni tuliondoka, asubuhi tulikuta limebaki sifuri. Mlinzi aliulizwa maswali makali isivyo haki, na mpaka leo naona aibu, kwa maana mmoja wa waliouliza nilikuwa mimi. Kisanduku kilikuwa kimelala Uganda usiku kucha, nazo kompyuta mbili zilizoachwa zinawaka zilikuwa zikijivutia mafaili makubwa.

Ninyi wa magharibi ya wilaya mnaopakana na Rwanda mnayo ishara nyepesi. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya simu yako ikirudi nyuma saa nzima ghafula, jua kwamba umeshika mnara wa kule. Sisi wa Murongo hatuna bahati hiyo, kwa sababu saa ya Uganda na yetu ni moja. Lazima tutazame jina la mtandao juu ya kioo.

Basi ufanye nini? Ingia katika ukurasa wa kisanduku, sehemu ya mtandao wa simu. Mambo mawili yapo hapo. La kwanza ni ruhusa ya romingi, izime. Hilo peke yake linaokoa fedha. La pili ni namna ya kuchagua mtandao. Kwa kawaida kisanduku kimeachiwa kijichagulie. Badili, uchague kwa mkono. Kitatafuta kwa dakika moja au mbili, kisha kitakuonyesha orodha ya mitandao yote inayosikika hapo, ya kwetu na ya ng'ambo, mara nyingine pamoja na namba zake. Chagua wa laini yako, ule wa 640. Toka hapo, mnara wetu ukizimika, kisanduku kitakaa kimya kikisubiri, wala hakitavuka mto. Wako watakaosema, "Lakini mimi nataka intaneti hata mnara wetu ukizimika." Hiyo ni shauri yako na mfuko wako, nunua laini ya Uganda uiweke katika kisanduku cha pili, ujue unachokilipia. Halafu kihamishe kisanduku kwenye dirisha linalotazama mnara wetu. Kazi hii haihitaji fundi, inahitaji msumari na meza.

Lugha ya kurasa hizi mara nyingi ni Kiingereza. Najua kwamba hilo linawazuia wengi. Katika darasa letu moja tulifanya hivi: kijana anayesoma Kiingereza alisoma neno, mwenzake akalinakili katika daftari jinsi lilivyo, na mbele yake akaandika kazi yake kwa Kiswahili. Walipata maneno 14 tu. Mama mmoja aliyeanza kusoma na kuandika miaka miwili tu iliyopita sasa huyatambua maneno yote 14 kwa sura yake, kama anavyotambua nembo ya sabuni.

Juu ya neno la siri nitasema machache. Kisanduku kikitoka kiwandani huwa na jina na neno la siri ambalo mara nyingi ni moja kwa visanduku maelfu, na kila mtu analijua. Libadili siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera na visanduku vya intaneti, ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani kama 60 hivi tu. Vilivyofunguka viliandikwa jeshini bila wenyewe kujua. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule jeshi la vifaa hivyo lilitumika kuilemea kampuni moja ya Marekani iliyotunza daftari la majina, lile lile la DNS nililolieleza, na watu wengi wa huko wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Walioitengeneza Mirai walikuwa vijana watatu wa Kimarekani. Walikiri mahakamani mwaka 2017. Kamera ya duka lako hapa mpakani ingeweza kuwa askari wao.

Sasa nije kwenye kusasisha programu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoharibu.

Kisanduku kina programu ya ndani, ambayo ndiyo akili yake. Watengenezaji huitengeneza upya mara kwa mara, kuziba matundu ya wezi na kuondoa makosa. Kusasisha ni kuondoa ile ya zamani na kuweka mpya. Si kama kuongeza wimbo katika simu. Fikiri kwamba una karani mwenye daftari moja la maagizo ya kazi, naye anaishi kwa kulisoma. Unataka kumpa maagizo mapya, na daftari ni hilo hilo. Basi unafuta kurasa za zamani, halafu unaandika mpya. Ukisimamishwa katikati, karani ataamka asubuhi, atafungua ukurasa wa kwanza, na atakuta nusu ya sentensi. Hatajua hata namna ya kuamka.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla kituo hakijapata inverta, siku za usajili wa watahiniwa wa kujitegemea zilikuwa zinakaribia kwisha. Usajili siku hizi hufanywa kwa intaneti. Tulikuwa na watu wazima waliojiandaa kufanya mtihani wa Maarifa, wengine kwa miaka miwili wakisoma usiku baada ya shamba. Intaneti ilikuwa ikikatika-katika. Mimi, kwa elimu yangu ya diploma na haraka zangu, niliona ukurasa wa kisanduku unasema kuna programu mpya. Nikafikiri, hii ndiyo dawa. Nikabonyeza. Mstari ukaanza kujaa: asilimia 10, asilimia 30. Kwenye asilimia 40 na kitu chumba kikaingia giza.

Haikuwa dhoruba, wala hitilafu ya mtu mwingine yeyote. Yuniti za LUKU zilikuwa zimekwisha. Mita ilikuwa ukutani, hatua sita kutoka nilipoketi, na sikuwa nimeitazama. Hapo chini ya kilima mto Kagera unazungusha mitambo ya Kikagati–Murongo, ya megawati 14, ambayo nchi mbili hugawana umeme wake, nami nimekaa gizani kwa kukosa yuniti za shilingi elfu mbili! Tulinunua kwa simu baada ya dakika chache, umeme ukarudi. Kisanduku kikawasha taa moja nyekundu, na taa hiyo haikubadilika tena.

Mtandao wa simu zetu wenyewe jioni ile haukutosha kumaliza kazi. Kesho yake mama mmoja alipanda pikipiki kwenda kata nyingine kujisajili, akalipa nauli kutoka katika fedha za ndizi zake. Nauli ile nilimrudishia. Wengine tuliwasajili siku ya mwisho kwa simu ya mwalimu, tukisimama juu ya kilima. Mwanamume mmoja hatukumpata. Alikuwa ng'ambo kwa kazi za forodha, na aliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Alisubiri mwaka mzima. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, safari ijayo utanipigia mapema."

Kwa hiyo sikilizeni namna ninavyofanya sasa.

Sisasishi kitu katika juma lenye kazi kubwa. Kisanduku kinachofanya kazi ya lazima leo kiachwe kifanye. Kingojee Jumamosi tulivu. Siku hiyo, kwanza kabisa, napiga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu: anwani, mgawaji wa namba, neno la siri la mtandao, mtandao niliouchagua kwa mkono, na APN, yaani jina la njia ambayo kampuni ya simu imeitolea laini yangu. Visanduku vingi vina kitufe cha kuhifadhi mipangilio yote katika faili moja. Nabonyeza hicho pia, lakini picha siachi, maana faili la programu ya zamani mara nyingine hukataliwa na mpya. Halafu natazama karatasi ya chini. Aina peke yake haitoshi. Yafaa ulinganishe pia toleo la kisanduku lililoandikwa pale, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kuuza visanduku viwili vyenye jina moja na matumbo tofauti. Programu ya kimoja ikitiwa katika kingine inakiua vile vile kama giza lilivyokiua changu.

Programu naichukua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, au kutoka kwa kampuni ya simu iliyoniuzia, kwa kupitia ukurasa wa ndani wa kisanduku. Msomaji mmoja aliniuliza kwa barua juu ya tangazo lililomtokea alipokuwa akisoma habari za mpira, likipiga kelele kwamba kisanduku chake kina ugonjwa na abonyeze hapa. Asibonyeze. Tovuti ya mpira haina njia ya kujua habari za tumbo la kisanduku chako.

Kisha umeme. Natazama mita kwanza, hata kabla ya kuketi. Nikiweza nakiweka kisanduku kwenye umeme wa betri. Visanduku vingi vidogo hutumia volti 12, lakini soma karatasi yake, wala usikisie. Naunganisha kompyuta kwa waya badala ya hewani, na kompyuta yenyewe iwe na chaji. Nawaambia watu wote wa nyumba kwamba kwa dakika kumi hakuna kupiga pasi, hakuna kuchomoa. Ndipo ninapobonyeza. Mstari ukisimama mahali pamoja kwa muda mrefu, nakaa juu ya mikono yangu. Wengi huharibu hapo: wanaona kimya, wanadhani kimekwama, wanazima. Kisanduku kitajizima na kujiwasha chenyewe, mara nyingine mara mbili.

Kikiamka, sikiamini mara moja. Narudi katika kurasa zile zile na picha zangu mkononi. Imenitokea kwamba programu mpya ilirudisha uchaguzi wa mtandao katika hali ya kujichagulia, na romingi ikawashwa. Kwa mtu wa Morogoro hilo ni jambo dogo. Kwetu sisi ni salio la mwezi.

Mtauliza: je, kilichokufa hakifufuki? Vingine hufufuka. Visanduku vya siku hizi vya bei ya juu kidogo huwa na madaftari mawili: programu mpya huandikwa katika la pili, na la kwanza haliguswi mpaka la pili lithibitike. Vingine vina sehemu ndogo ya kuamkia isiyofutwa, na fundi anaweza kuvilisha programu kwa waya. Kile tundu kidogo cha nyuma, kinachobonyezwa kwa sindano kwa sekunde kumi hivi, hakifufui kitu. Kazi yake ni kufuta mipangilio yako yote na kurudisha ya kiwandani, pamoja na lile neno la siri linalojulikana na kila mtu. Kukitumia si kosa, mradi uwe na picha zako. Wapo wanaokibonyeza kila intaneti ikipungua kasi, kisha wanashangaa mbona kila juma wanahitaji fundi.

Kazi ya vikundi kwa juma hili ni hii. Kila kikundi kitafute kisanduku kimoja, cha ofisi ya kijiji, cha shule au cha duka, kwa idhini ya mwenyewe. Geuzeni chini juu mwandike yaliyo kwenye karatasi, isipokuwa neno la siri. Fungueni ukurasa wake mtazame, bila kubadili kitu, mambo manne: mgawaji anagawa kutoka namba gani hadi gani, romingi imewashwa au imezimwa, mtandao unachaguliwa kwa mkono au unajichagulia, na toleo la programu ni lipi. Leteni majibu yenu kituoni Alhamisi. Vikundi vya Murongo vyenye visanduku karibu na daraja viongeze jambo la tano: orodha ya mitandao yote inayosikika kutoka dirishani pao, yenye 640 na yenye 641, kwa mpangilio wa nguvu zake. Tutachora ramani ya mji, nyumba kwa nyumba, tuone mawimbi ya ng'ambo yanafika wapi.

Kwaherini mpaka Alhamisi.